Farasi Aliyetazama Kushoto

Katika mji wa Barlow Forge, Pennsylvania, watu walimjua Verna Hudak kwa tabia moja: ukimkaribisha chakula hotelini, kabla hajagusa kitu atainua sahani aangalie chini yake. Mara nyingine alisahau kwamba mchuzi umeshapakuliwa. Waliomzoea walisogeza viti nyuma, wakasubiri amalize, ndipo wakaanza kula.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule. Raha yake ilikuwa vyombo vikuukuu vya mikahawa. Vile vyembamba vya matajiri, ambavyo mtu anaogopa hata kuvipumulia, hakuvijali. Alipenda vile vizito vyenye kingo nene, ambavyo vikianguka huijeruhi sakafu kabla ya kuvunjika vyenyewe. Vile vilivyowalisha madereva wa malori na watu wa viwanda vya chuma mayai na viazi vya kukaanga kabla jua halijatoka. Chini ya kila chombo kiwanda kiliacha muhuri wake na herufi ndogo ya mwaka. Verna alizijua herufi zile kama mtu anavyojua majina ya wajomba zake.

Mapenzi hayo aliyapata nyumbani. Tangu akili zimwingie, mama yake Ludmila alipakua chakula cha Jumapili kwenye sahani nyeupe zenye mstari wa kijani ukingoni na farasi mdogo wa kijani anayekimbia. Zilitoka kwa Stamatis, mkahawa wa Mgiriki mmoja uliokuwa kando ya barabara kuu, ambako Ludmila alihudumia meza katika ujana wake.

“Mzee alipofunga, alituita sote,” Ludmila alizoea kusimulia. “Akasema, ‘Chukueni, wanangu, mnikumbuke.’ Ndivyo nami nikapata hizi.”

Verna aliipenda hadithi hiyo, na akiwa mtoto alipenda kuisimulia shuleni kana kwamba yeye mwenyewe aliitwa akapewa.

Basi siku moja katika soko la mitumba, ndani ya boksi la funguo zenye kutu na balbu zilizoungua, aliokota kikombe chenye mstari wa kijani na farasi. Akakifuta kwa pindo la shati. Farasi yule alikimbia kuelekea kulia. Verna akabaki amesimama nacho mkononi, maana farasi wa nyumbani kwao, wote, walikimbia kuelekea kushoto.

Hapo ndipo alipoanza kuutafuta mkahawa wa Stamatis. Haukuwa umeacha hata tofali. Barabara ilipopanuliwa ulibomolewa, na mahali uliposimama sasa magari yalipita mbio juu yake. Maktaba ya mji haikuwa na picha yake hata moja. Waliowahi kula pale walikumbuka pai ya cheri na ukali wa mwenye mkahawa, basi. Verna akasema moyoni, kama watu wamesahau, vyombo havijasahau. Akaanza kuzunguka minada, gereji na vyumba vya chini vya wajane, akiuliza sahani zenye mstari wa kijani. Kila alichokipata alikigeuza, akausoma muhuri, akakiweka mahali pake kwenye meza ndefu.

Na kweli vyombo vikasema. Vya kwanza kabisa vilikuwa vyeupe vitupu, vya mtu anayeanza na hana uhakika. Kisha ukaja mstari wa kijani. Kisha farasi, na pamoja naye bakuli za supu, visahani vya siagi, vikombe vidogo vya watoto. Kumbe mzee alikuwa ameongeza chumba cha pili, na familia zilikuwa zikija baada ya kanisa. Halafu farasi akatoweka, sahani zikawa nyembamba za kiwanda cha bei rahisi, na zilikuwa chache. Ukizitazama pale mezani ulimwona mtu akiinuka, akinenepa, kisha akikonda. Na farasi wote aliowapata walitazama kulia. Wa kushoto walikuwa nyumbani kwao tu, wote wenye herufi ya mwaka mmoja, 1962, tena hawana mikwaruzo ya miaka ya mkahawani.

Verna akaamua kwamba hizo zilikuwa toleo adimu, labda za sikukuu. Alipojiambia hivyo alijisikia mtu wa maana.

Maktaba ikampa kabati la vioo na ukumbi kwa majira yote ya kupukutika majani. Ludmila aliposikia, alikunja uso. “Ziache kabatini, mwanangu. Chombo cha kulia si cha kutazamwa.”

“Mama, wacha watu waone. Ni wewe pekee uliye nazo.”

“Ndiyo maana nasema ziache.”

Verna alidhani ni haya ya uzee. Akazibeba. Akaziweka katikati ya kabati, mahali pa heshima, na mbele yake akaandika kwa mkono mzuri: *Farasi wa kushoto, adimu sana.* Siku ya ufunguzi alizungumza mbele ya watu, wakampigia makofi. Mpaka mkutubi, mwanamke mkavu asiyesifu hata jua, alimwambia, “Verna, wewe ungekuwa profesa.” Naye akacheka, akasema wacha mchezo, lakini usiku ule aliyarudia maneno hayo kitandani.

Wiki iliyofuata akaja mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, koti lake amelishika mkononi. Alitembea kando ya kabati taratibu kama mtu anayepita makaburini akisoma majina. Alipofika katikati akasimama.

“Naomba unifungulie hapa,” akasema. “Naitwa Kalliope Stamatis. Mkahawa ulikuwa wa baba yangu.”

“Jamani!” Verna karibu amkumbatie. “Mimi nimekutafuta mpaka kwenye kitabu cha simu, dada yangu! Karibu, karibu sana.” Akafungua, akampa sahani kwa mikono miwili.

Kalliope hakuigeuza. Alipitisha kidole gumba juu ya farasi.

“Hizi hazikuwahi kuwekwa mezani,” akasema.

“Ndiyo, ni toleo adimu. Nadhani zilikuwa za—”

“Toleo gani, dada? Ni kosa la kiwanda. Walimgeuza farasi. Baba alifungua kreti ya kwanza, akaona, akapiga kelele mpaka wateja wakaweka uma chini. Alisema kwao Larisa, Ugiriki, farasi wa baba yake hakuwahi kumpa mtu mgongo. Akapiga simu kiwandani waje wachukue takataka yao. Zikawekwa stoo. Lori lilipokuja, kreti mbili hazipo.”

Verna alishika ukingo wa kabati. “Zilikwenda wapi?”

“Ilisemwa ni binamu yangu, Lefteris. Baba alimleta kutoka nyumbani aje aoshe vyombo, akamkabidhi ufunguo wa stoo. Alimzaba kofi mbele ya wateja wa asubuhi, akamwita mwizi kwa Kigiriki na kwa Kiingereza, ili kila mtu aelewe. Akamfukuza na begi lake. Miaka mingi baadaye, baba alipokufa, Lefteris alikuja kanisani amevaa koti jeusi. Mama akamzuia mlangoni. Mimi nilikuwa pale, nimeshika mshumaa. Sikufungua mdomo.” Akaiweka sahani chini kwa uangalifu. “Sijamwona tena. Sasa niambie wewe. Umezipata wapi?”

“Mnadani,” Verna akasema. “Mnada wa nyumba fulani, upande wa Ohio. Zamani kidogo.”

Uongo ulimtoka laini, umenyooka, kama ulikuwa umekaa mdomoni ukisubiri zamu yake. Kalliope alimtazama kidogo, akavaa koti lake, akaacha namba yake ya simu. Verna alibaki akifuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake jikoni akimenya viazi vya kujazia pierogi, zile sambusa zao za kuchemsha.

“Mama, Lefteris ni nani?”

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea. “Kijana wa kuosha vyombo, kwa Stamatis. Kwa nini?”

“Binti wa Stamatis amekuja maktaba leo.”

Ludmila akaweka kisu chini. Hakuuliza binti amesema nini. Verna alitamani sana aulize, angalau ashangae kidogo.

“Zilikuwa za kutupwa,” mama akasema. “Mzee mwenyewe aliziita takataka. Nilisikia kwa masikio haya. Takataka, takataka, wiki nzima. Takataka kwa nani? Unajua sisi tulikuwa tunalia chakula kwenye nini? Bibi yako mzaa baba alikuja Pasaka, nikampakulia kwenye mfuniko wa sufuria. Alikula, akafuta mdomo, akawageukia dada zake akasema, ‘Mwanangu kaoa nyumba isiyo na sahani.’ Nilitamani ardhi inimeze, Verna. Nilikuwa na miaka ishirini na nne.”

“Na walipomlaumu yule kijana?”

“Wewe ulikuwa hujaanza hata kutambaa. Baba yako yuko kwenye mgomo, nyumbani hakuna kitu.”

“Mama.”

“Nilidhani itapoa! Mtu na mjomba wake, damu ni damu, kesho atamrudisha.”

“Na kesho hakumrudisha.”

Ludmila alishika tena kisu, kisha akakiacha. “Usinihukumu jikoni kwangu. Hizo sahani umezilia na wewe, ukanenepa. Nilikwambia ziache kabatini. Sikukwambia? Ukaenda kunianika mbele ya mji mzima, kama chupi kwenye kamba.”

Verna alijua lile la mwisho lilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyeandika *adimu sana*.

Asubuhi, alipokwisha kuwashusha watoto shuleni, alikwenda maktaba kabla watu hawajaanza kuingia. Akamwambia mkutubi mama yake si mzima, amezitamani sahani zake. Mkutubi akasema maskini, mpe pole. Verna akazifunga kwenye magazeti, akazitoa kwa mlango wa nyuma, akazilaza kwenye buti ya gari lake chini ya blanketi. Alipokuwa akifunga buti alijiona: mwanamke mtu mzima, anatazama huku na huku, anatorosha vyombo vya Stamatis kwa mlango wa nyuma. Moto ulimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Lakini hakuzirudisha. Aliingia garini akaondoka.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Jioni simu ikalia.

“Umeziondoa,” alisema Kalliope.

“Mama yangu… alizitaka.”

“Mama yako.” Kalliope aliyarudia maneno hayo taratibu. “Mkutubi amenitajia jina lake. Ludmila. Si yule wa meza za dirishani? Alikuwa akinidondoshea cheri ya ziada juu ya pai, baba asione.”

“Ndiye.”

“Kwa hiyo si mnadani.”

“Si mnadani,” Verna akasema. “Nilikudanganya. Nisamehe. Sikujua mpaka jana, lakini kukudanganya nilikudanganya.”

Alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Kalliope hakutukana, alishusha pumzi tu, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya mtu aliyechoka. “Umri wangu wote nimemwita mwizi, Verna. Hata nilipokuwa namhurumia, nilikuwa namhurumia mwizi. Nasikia anaishi Youngstown, Ohio; Jumamosi nakwenda kumtafuta. Na wewe utakuja. Siwezi kumpelekea habari hii peke yangu.”

Walikwenda. Njiani hawakuzungumza sana. Sahani ziligongana kidogo kwenye buti kila gari lilipopita kwenye shimo. Lefteris aliishi kwenye nyumba ya mbao ya watu wa kiwanda, yenye kibaraza mbele. Alikuwa mtu mpana, mzee, mwenye mikono iliyopata makovu ya chuma cha moto, na kifaa cha kusikia kwenye sikio moja. Alimtambua binamu yake kabla hajafika ngazini.

“Popi,” akasema, kwa jina la utotoni la Kalliope. Hakusema karibu. Akabaki amekaa kwenye kiti chake.

Kalliope alieleza akiwa amesimama. Sahani zimeonekana. Zilichukuliwa na Ludmila, yule mhudumu. Huyu hapa ni binti yake. Verna akasema jina lake, akatazama chini. Lefteris alisikiliza mpaka mwisho, akimtazama Verna na si Kalliope.

“Mama yako amekwambia nani alimfungulia mlango wa stoo?” akauliza.

Verna akatikisa kichwa.

“Mimi. Kreti ni nzito, na yeye alikuwa kadogo kama njiwa. Aliniambia mzee anazitupa. Mimi mwenyewe nilidhani anazitupa, hatukusikia ‘takataka’ sote? Nikamfungulia, nikambebea zote mbili mpaka kwenye gari la kaka yake. Akanibusu shavuni. ‘Mungu akulipe, Lefteris.’” Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. “Mungu akanilipa. Siku mjomba aliponipiga, mama yako alikuwa anammiminia mteja kahawa. Nilimtazama. Kikombe kikajaa, kahawa ikafurika kwenye kisahani, ikamwagikia suruali ya mtu, na yeye bado anamimina. Hakuinua uso.”

“Kwa nini hukusema, Lefteris?” Kalliope aliuliza, machozi yakimtoka.

“Niseme nini? Ana mtoto mchanga. Nikasema, ngoja, atasema mwenyewe. Nilikaa kituo cha mabasi nikitazama barabara, mtu atakuja kuniita. Mabasi yakaja, yakaondoka. Halafu nikapanda moja.”

Verna alisimama pale akitamani angekuwa mtu mwingine, binti wa mtu mwingine yeyote. Mtoto mchanga alikuwa yeye. Miaka yote hiyo alikuwa ametumiwa kama sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekua ikawa mwanamke mwenye kabati la vioo.

“Tumekuletea vyombo,” akasema, na maneno yalipotoka akasikia yalivyo ya kipuuzi.

“Vya nini? Ninywee supu? Mpe Popi, ni vya baba yake.” Lefteris alijiinua kwenye kiti. “Mimi nataka kitu kimoja. Aje aseme. Sitaki barua wala simu. Aje hapa, kwa miguu yake, aseme.”

Kalliope alipanda ngazi, akataka kusema juu ya siku ya mazishi, sauti ikamkatika. Yule mzee akamwekea mkono kichwani. “Ulikuwa na mshumaa,” akasema. “Ulikuwa unatetemeka mkononi mwako. Nilikuona, Popi. Wewe nilikuona.”

Verna aliwaacha hapo, akakaa garini.

Alipomwambia mama yake, alisema kwa ufupi. “Alikubebea, mama. Hukuniambia kwamba alikubebea.”

Ludmila akavuta kiti, akakaa. “Kumbe anakumbuka,” akasema hatimaye.

“Anataka uende ukaseme.”

“Goti langu hili litafika Youngstown?”

Ikawa goti. Kisha ikawa mvua. Kisha shinikizo la damu, kisha theluji ya kwanza, kisha “mtu wa umri wangu, unataka niende nikavuliwe nguo barazani kwa watu?” Verna hakubembeleza wala hakugomba. Sahani alikuwa ameshamkabidhi Kalliope. Nyumbani walitumia za plastiki kutoka dukani. Walikula wakitazamana kidogo. Mama akisema chumvi haitoshi, binti anamsogezea chumvi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Na Verna, aliyezoea kucheka na watoto ndani ya basi, akawa anaendesha kimya, mpaka mtoto mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti kama dereva amefiwa.

Halafu Jumapili moja kabla ya Krismasi, baada ya misa, Ludmila hakuvua koti lake. Alisimama ukumbini na mkoba wake mkononi. “Twende basi,” akasema, “kabla sijabadilisha mawazo.”

Verna alimpigia Kalliope simu, wakaondoka.

Theluji ilikuwa imesafishwa kwenye njia ya Lefteris. Kalliope alikuwa amewatangulia, amesimama kando ya mlango. Lefteris alitoka na sweta, akasimama juu ya ngazi. Ludmila alibaki chini. Walitazamana, wazee wawili, na kama walikuwa wakitafutana nyuso za zamani hawakuonyesha.

“Mimi ndiye niliyezichukua,” alisema Ludmila, karibu kwa kunong'ona.

Lefteris akagusa sikio lake. “Sisikii.”

“Mimi ndiye niliyezichukua.”

“Ngoja.” Akageuka, akafungua mlango. “Tasoula! Njoo. Njooni wote.”

Mkewe akatoka akifuta mikono kwenye aproni. Nyuma yake akatoka mkwe na kitambaa cha kufutia mdomo bado kimechomekwa kolani, na mjukuu wa kike mwenye soksi tupu, akirukaruka kwa baridi. Ng'ambo ya uzio, jirani aliyekuwa akikwangua theluji na koleo aliacha kukwangua. Verna alitaka kusema inatosha, amekusikia, mzee, amekusikia mara ya kwanza. Maneno yalimfika kooni. Akayameza, kwa sababu alijua hakuwa akimtetea mama yake. Alikuwa akijitetea mwenyewe asionekane amesimama karibu naye.

“Sema sasa,” Lefteris akasema.

Ludmila alishika chuma cha ngazi. Uso wake ulikuwa mwekundu, na safari hii alisema kwa sauti ile ya zamani ya kupaza oda jikoni.

“Vyombo vya Stamatis nilichukua mimi. Huyu hakuiba kitu. Alinisaidia kubeba, kwa wema wake, akapigwa kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.”

Mjukuu aliacha kurukaruka.

“Baba yangu alikataa kuniozesha kwake,” Tasoula akasema, si kwa hasira, kama mtu anayefikiri kwa sauti. “Habari zilitufuata mpaka huku. Alisema hawezi kumpa mwizi binti. Nilitoroka nikaolewa. Amekufa hajanipa baraka.” Akamtazama Ludmila kwa mshangao wa kweli. “Kwa sahani, mama?”

“Kwa sahani,” alisema Ludmila.

Akanyoosha mkono wake juu ya ngazi. Lefteris aliutazama. Hakuushika, lakini hakugeuka haraka pia. Aliutazama mpaka Ludmila mwenyewe akaurudisha kwenye mkoba.

“Asante kwa kuja,” akasema. Akaingia ndani. Mkewe akafuata, na mkwe, na mtoto. Kalliope alimgusa Verna begani, kisha naye akaingia, na mlango ukafungwa taratibu.

Verna alimshika mama yake mkono mpaka kwenye gari. Ilichukua muda, goti kumbe lilikuwa linauma kweli. Walipokaa, Ludmila hakulia. Alikunja glavu zake magotini, akazikunjua, akazikunja tena.

“Alikuwa anaimba akiosha vyombo,” akasema. “Sauti mbaya, we acha tu. Sisi wahudumu tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Alipoondoka jikoni pakawa kimya, na hakuna aliyesema kwa nini.”

Verna alitafuta ufunguo mfukoni. Akawasha gari. Ng'ambo ya uzio jirani bado alikuwa ameegemea koleo, anawatazama, na Verna, ambaye kama madereva wote wa mabasi humpungia mkono kila anayekutana naye barabarani, aliyakaza macho mbele, akapita bila kuinua mkono.